Mtoto aliyelamba sumu ya panya, na bado anacheza

Mtaani kwetu Buguruni spika ya mmachinga huanza mapema: "Dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto!" Simlaumu anayeuza wala anayenunua. Panya wa huku wanatafuna gunia la unga, nyaya za umeme, hata nepi za mtoto. Mimi ni muuguzi, na kinachoninyima raha ni kwamba sumu hii wengi wetu tunaihukumu kwa macho: mtu akiila asipoanguka papo hapo, tunasema amepona.

Vile vipande na punje za buluu, kijani au waridi, nyingi ni za aina inayozuia damu isigande. Habari yake ilianzia Marekani na Kanada miaka ya 1920, ng'ombe walipolishwa majani ya klova yaliyoota ukungu wakawa wanavuja damu mpaka wanakufa. Watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, wakaja kuitambua kemikali iliyokuwa ikiwaua, na mwaka 1948 warfarini ikaingia sokoni kama sumu ya panya. Baadaye ikawa dawa ya binadamu. Wenye vali bandia za chuma kwenye moyo wanaimeza kila siku kwa kipimo maalumu. Panya walipoizoea zikatengenezwa kali zaidi, bromadioloni na brodifakumu.

Ini linatumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Vitamini hiyo ikishatumika, mwili huirudisha katika hali yake ili itumike tena, na hapo ndipo sumu inapofunga njia. Protini zilizokuwemo tayari kwenye damu zinaendelea na kazi mpaka ziishe. Kwa hiyo siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya pili, ya tatu, hata ya tano, ndipo fizi zinatoka damu wakati wa kupiga mswaki, pua inavuja, ngozi inavilia pasipogongwa, mkojo unakuwa mwekundu au choo kinakuwa cheusi kama lami. Kinachotisha zaidi ni damu inayovujia ndani ya kichwa.

Jirani yangu ana mapacha. Mmoja alikutwa nyuma ya pipa la maji ana chenga za kijani mdomoni. Bibi yake alishashika kikombe. "Mpe maziwa, mwanangu, yanakata sumu." Nikamwambia, "Bibi, sumu hii maziwa hayaikati, na tusimtapishe." Tukamfuta mdomo, tukamnawisha mikono. Baba yake alifika mtoto anakimbizana na mwenzake, akaniuliza, "Dada nesi, si unamuona mzima?" Nilimuona. Bado tukaenda hospitali na pakti mkononi.

Daktari alisoma pakti: sumu yenyewe ni asilimia 0.005 tu. Akasema mtoto mdogo akilamba kidogo namna ile, mara nyingi hapati madhara, na aliyekula nyingi au aliyekusudia kujidhuru ni habari nyingine kabisa. Akataka arudishwe baada ya saa 48 kupimwa muda wa damu kuganda, maana kipimo cha siku ile ile kinaweza kutoka kizuri na kisimaanishe lolote. Akarudishwa, majibu yakawa mazuri.

Paka wa nyumba ile hakupona. Alikuwa akikamata panya waliolegea kwa sumu, wale wanaoyumba mchana kweupe. Nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa nyeupe kabisa, na tundu moja la pua lilikuwa na damu mbichi isiyokauka. Bundi na mbwa nao hufa hivyo hivyo. Mzoga usitupwe mtaroni. Uokote kwa mfuko mkononi, uufukie.

Dawa ipo, na ni vitamini K1, ile ile tunayowachoma watoto wanapozaliwa. Ugumu ni kwamba brodifakumu hukaa kwenye ini kwa wiki nyingi hata miezi, hivyo aliyekunywa nyingi humeza vidonge kwa miezi huku anapimwa. Akiacha kwa sababu anajisikia vizuri, damu inaanza tena kutoka. Mchicha hautoshi, tafadhali, hata ukila sufuria nzima. Anayetumia warfarini ya hospitali akila sumu hii asikae kusubiri hata kidogo, wala mjamzito, kwani sumu za jamii hii zinaweza kumfikia mtoto tumboni.

Nisisitize kuhusu pakti. Zinazouzwa kwenye karatasi iliyosokotwa bila lebo zinaweza kuwa sumu nyingine kabisa, zile zinazomtoa mtu mate, kumfinya mboni za macho na kumtia degedege muda mfupi tu baada ya kuzila. Matibabu yake hayafanani na haya, na daktari asiyejua umekula nini anapoteza muda ambao mgonjwa hana.

Jirani sasa anatumia mtego wa waya, na mwenye nyumba ameziba matundu ya choo kwa wavu na saruji. Kwa anayeendelea na sumu: nunua yenye lebo, iweke ndani ya boksi lenye tundu la kupita panya tu, nawa mikono kwa sabuni. Inayobaki ikae kwenye pakti yake, kabatini kwenye kufuli, kamwe isihamishiwe kwenye kopo la sukari wala chupa ya maji.