Jeraha la bomu la kutegwa ardhini halishonwi siku ya kwanza

Mtu akikanyaga bomu la kutegwa ardhini, wayo hukatika, na hilo kila mtu huliona. Lisiloonekana ni kwamba nguvu ya mlipuko hupanda mguuni katikati ya misuli, ikisukuma juu udongo, majani, vipande vya kiatu, plastiki ya bomu na mifupa ya wayo uleule. Misuli hufunguka kama mwavuli, kisha hurudi na kuuficha uchafu. Ngozi ya muundi yaweza kuonekana nzima, kumbe chini yake pameoza hadi karibu na goti.

Robin Coupland, daktari mpasuaji Mwingereza wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, aliyagawa majeraha haya katika aina tatu: ya aliyekanyaga, ya aliyepigwa na vipande bomu lilipolipuka karibu, na ya aliyelishika. Aina ya tatu huharibu mikono, uso na macho. Huwapata sana wateguaji na watoto, hasa kwa PFM-1, bomu dogo la plastiki lenye mabawa ambalo Wasovieti walilimwaga kutoka angani huko Afghanistan. Mpasuaji Mwitaliano Gino Strada aliwatibu watoto hao, akapiga kelele kwao Italia hadi sheria ya kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini ikapitishwa mwaka 1997.

Wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Hans Husum wa Norway na wenzake walifundisha huduma ya kwanza kwa wanavijiji kaskazini mwa Iraki na Kambodia kuanzia 1997, na katika miaka mitano vifo vilishuka kutoka 40 kwa kila majeruhi 100 hadi takriban 15. Vifaa vyao vilikuwa vya kawaida kabisa. Kandamiza mshipa mkubwa kwenye kinena, jaza shashi ndani kabisa ya jeraha, funga bendeji ya kuvutika kwa nguvu kutoka chini hadi pajani, mfunike majeruhi, maana damu ya mwili uliopoa haigandi vizuri. Kamba ya kukaza mguu huokoa maisha hospitali ikiwa karibu. Ikikaa zaidi ya saa 6, mguu huwa umekufa, na itabidi ukatwe juu ya kamba.

Kwenye chumba cha upasuaji, msuli usiosinyaa ukifinywa, usiotoa damu ukikatwa, au uliobadilika rangi, unaondolewa wote. Msuli wa juu wa kigimbi mara nyingi husalimika. Uhifadhiwe ufunike ncha ya mfupa uliokatwa. Osha kwa maji mengi ya chumvi, toa penisilini na kinga ya pepopunda, kisha acha jeraha bila kulishona, chini ya shashi kavu nyingi. Usiifungue shashi hiyo wodini kila asubuhi. Mgonjwa asipopata homa wala kidonda kutoa harufu, fungua siku ya 5 palepale chumba cha upasuaji, na pakiwa safi ndipo ushone. Mpasuaji aliyezoea ajali za barabarani hushona siku ileile, akaufungia uchafu ndani, na gangrini, yaani kuoza kwa nyama, ikafuata.

Kwa mtoto kazi haiishi hapo. Mfupa uliokatwa hukua haraka kuliko nyama, ukatoboa ngozi, akarudishwa kupasuliwa. Mguu bandia wake hubadilishwa kila miezi 6 hivi. Wa mtu mzima, kila miaka 3 hadi 5. Mradi unaomvika mtoto mguu wa kwanza kisha ukafunga karakana umemwacha na mguu ambao mwakani hautamtosha.