Nafasi kati ya Koko na nakala

Jana umeme umerudi saa tano usiku, nikafungua kompyuta haraka kabla haujaenda tena, na mtoto badala ya kulala akaja kusimama nyuma yangu akisoma kwenye kioo: "Papa, mbona majina ya Koko umeyashikanisha, Hadithi_za_Koko, hakuna nafasi?"

Nikamwambia enda ulale. Hakuenda.

Sababu ni ya siku nyingine, hapa hapa Kadutu, Bukavu, mvua kwenye mabati. Rekodi 11 za hadithi za Koko, yaani bibi, zilikuwa kwenye folda moja inaitwa Koko, na zile za kupunguzwa ili ziingie kwenye simu za wajomba nikaziwekea folda inaitwa Koko nakala. Kazi ya kupunguza nilimwachia Make, ile programu ya 1976 kutoka Bell Labs kule Marekani, inayofuata amri ulizoandika kwenye faili inaitwa Makefile, na kwake nafasi ni mpaka, jina moja linaishia pale lingine linaanza. Alama ya dola nilijua inaandikwa mara mbili, alama ya # najua inageuza kinachofuata kuwa maelezo tu, na kwenye mistari ya kupunguza niliweka alama za kunukuu vizuri. Kwenye mstari wa kusafisha, ule wa kufuta nakala, nikasahau.

Sauti 4 za kwanza zilitoka mbaya, nikataka kuanza upya. Nikaandika make clean, amri ya kuita ule mstari wa kusafisha.

Ikatokea: rm -rf Koko nakala. Yaani futa yote bila kuuliza.

Hakuna swali, hakuna onyo. Nikausoma tena ule mstari polepole, midomo inatembea: Koko. Halafu nakala. Shell, programu inayotekeleza amri, ilikuwa imesoma hivyo hivyo, folda mbili. Ya pili haikuwepo, ila ile -f inanyamazisha hata hilo, na ya kwanza ilikuwa bibi yangu, ambaye tulikuwa tumemzika miezi miwili tu. Nikasikia mvua yote. Folda niliyotaka kufuta ilikaa palepale, mzima, na zile sauti 4 mbaya.

Baadaye nilikuja kujua kwenye orodha ya faili za Make hata alama za kunukuu hazisaidii, ndiyo maana naunganisha kila kitu, hata picha za harusi.

Majina yote 11 bado yako kwenye Makefile: sungura, mvua, chura, mwezi... Mtoto akachagua mwezi. Haimo kwenye zile 4. Nikaanza mwenyewe, nikafika pale mwezi unashuka ziwani kuoga na wavuvi wanauficha nguo zake, halafu nikakwama, yeye bado amesimama ananingojea.