Siku ya msichana kambini ndiyo inayoandika faili lake

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Mtoto wa kike aliyezaliwa humo mwaka ule leo ana watoto wake. Wanaohadithia safari za wakimbizi huanza na mtumbwi, kisha wanaruka hadi kwenye ndege. Miaka iliyo katikati ndiyo inayomjenga msichana au kumvunja, na mengi yanayompata humo hurudi mezani siku ya intavyu, familia inapohojiwa ili ihamishiwe nchi nyingine kama Marekani.

Anza na maji. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kipimo cha UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu saba ni madumu saba. Bomba lina saa zake, kwa hiyo madumu hupangwa foleni kabla hakujapambazuka, na anayeyalinda ni binti. Anafika shule kipindi cha kwanza kimekwisha. Hapo wazazi wengi hawaoni hasara, kwa kuwa amekosa saa moja tu. Lakini kama ratiba imeweka hisabati asubuhi, anakosa hisabati ileile wiki nzima, mwaka mzima. Dawa yake haina gharama: foleni igawanywe kwa siku, kaka achukue Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anayesema mvulana hachoti maji amtazame binti yake unapofika mtihani wa taifa wa Kongo, ambao wanafunzi Wakongo huufanya kambini.

Kuni ndizo hatari zaidi. Porini nje ya kambi ndiko wasichana wanakobakwa, na safari huongezeka kadiri miti ya karibu inavyokwisha. Kinachopunguza safari ni kupunguza moto. Mafiga matatu yaliyo wazi hupoteza joto pembeni. Jiko la udongo lenye mdomo mmoja wa kuni hulibana chini ya sufuria. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi kuliko makavu. Funika sufuria, na kuni mbichi zikaushwe kwanza, maana mti wenye maji huunguza nguvu yake kwa kujikausha wenyewe. Wakilazimika kwenda, waende kundi, watu wazima wakiwemo, na waliobaki nyumbani wajue wamepita njia ipi na watarudi saa ngapi.

Na likitokea la kutokea, hospitali kwanza. Dawa za kuzuia VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Saa hizo zinahesabiwa tangu tukio, si tangu fomu ilipojazwa wala tangu wazee wa bloku, yaani mtaa wa kambi, walipomaliza kikao. Nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Kikao cha familia mbili kupatana mbuzi au fedha ni kumdhulumu mtoto mara ya pili. Binti ana haki ya kupata tiba bila kusubiri nani amekubali kosa.

Hedhi huzungumzwa kwa kunong'ona, nami naona ndiyo maana shida yake haiishi. Vitambaa sita vya pamba ndicho kiasi kinachotosha kubadilisha huku vingine vikikauka. Avibadilishe kila baada ya saa nne hadi sita. Avifue kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, kisha kwa sabuni. Kosa kubwa ni kuvianika chini ya kitanda kwa aibu, katika nyumba ya shitingi, yaani turubai la plastiki, ambamo kaka na baba wanalala umbali wa mkono. Kitambaa kisichokauka hubaki na vijidudu, muwasho unaanza, msichana anadhani amerogwa au ana ugonjwa wa aibu. Aanike juani, na akitaka sitara atandaze kanga nyepesi juu yake. Sabuni nayo hutoweka, kwa sababu kipande cha gramu 250 kinachokusudiwa kuogea mwezi mzima huuzwa sokoni ili kupata nyanya na dagaa.

Posho ikipungua, binti huanza kuonekana kama mdomo wa ziada. Mgao kamili umepigiwa hesabu ya kilokalori 2,100 kwa siku. Ukikatwa, unga huisha siku nyingi kabla ya mgao unaofuata, na mahari inaanza kuwa na sauti tamu. Hapa ndipo siku ya kambini inapoingia ndani ya faili.

Katika mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi, mtoto husafiri ndani ya kesi ya wazazi akiwa hajaolewa na yuko chini ya miaka 21. Akiolewa anatoka humo. Anahitaji kesi yake na mumewe, na kama mume hana usajili sawasawa, prosesi inasimama. Wengine huamua kuficha ndoa au mtoto mchanga. Wasifanye hivyo. Maofisa huwahoji watu mmoja mmoja: nani analala wapi, nani anapika, mtoto analelewa na nani. Majibu yakigongana, kesi ya nyumba nzima inakwama. Tena mume au mtoto asiyetajwa ni vigumu sana kumwita baadaye, na ombi la kumfuatisha lina kikomo cha miaka miwili tangu kuwasili. Mtoto akizaliwa, taarifa itolewe mara moja.

Tarehe ya kuzaliwa inaumiza kimyakimya. Mzazi asiye na cheti husema “mwaka tuliokimbia”, karani anaandika 1 Januari, na umri unazidi au kupungua miaka miwili au mitatu. Kambini haidhuru. Lakini msichana wa miaka 16 aliyeandikwa 19 anaweza kufika ugenini akaelekezwa kiwandani badala ya shuleni. Marekebisho yafanyike wakati wa uhakiki wa usajili kambini, kwa kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo au karatasi ya kliniki. Baada ya intavyu kila badiliko linaonekana kama uongo, hata likiwa la kweli. Matokeo ya shule nayo yatunzwe, ingawa yako kwa Kifaransa.

Medikali, yaani uchunguzi wa afya kabla ya safari, ina kalenda yake. Kuanzia miaka 15 hupigwa picha ya kifua. Kukiwa na shaka ya kifua kikuu, makohozi hukuzwa maabara hadi wiki nane; ugonjwa ukithibitishwa, matibabu huchukua miezi. Vipimo vina muda wa kuisha, na ukaguzi wa usalama una muda wake pia. Kimoja kikisubiri kingine, cha kwanza kinakwisha. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeuza vyombo na godoro zikabaki mikono mitupu. Kwa hiyo hata tarehe ya ndege ikitangazwa, msiuze sufuria, wala binti asiache shule.

Siku ya safari ikifika, mfuko mweupe wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, wenye karatasi za familia haupelekwi kwenye shehena. Unashikwa mkononi mpaka mwisho. Kwenye begi dogo la binti viwekwe vitambaa vinne, nguo ya ndani ya kubadilisha, sabuni na mfuko wa kufungia vilivyotumika. Safari yaweza kuchukua siku mbili au tatu, na begi kubwa hataliona tena mpaka uwanja wa mwisho.