Siku moja maishani mwangu: plagini zikigoma Kisumu, mimi ndio huitwa

Saa moja asubuhi

Kabla hata sijakunywa chai simu ishajaa voisi noti. "Omera, plagini zote zimekataa, leo naformati hii mashini." Kazi yangu ni kushughulikia kompyuta za mastudio ya muziki, na plagini ni zile programu ndogo za ala na sauti zinazofunguka ndani ya programu ya kurekodia. Meza yangu iko Kondele, na hiyo sentensi ya kuformati nimeisikia sana mpaka jibu liko tayari mdomoni: usiformati. Ukiformati unapoteza priseti, yaani mipangilio ya sauti uliyosevu, unapoteza laisensi, unaanza kudaunilodi vitu upya na bando ni pesa, halafu mara nyingi unarudi kwa shida ileile juu haikuwa ya Windows. Plagini ikikataa kufunguka kuna sababu, na mara nyingi sababu yenyewe inaonekana ukitulia uangalie. Namwambia anitumie skrinishoti ya ule ujumbe, wote, asikate maneno.

Saa mbili unusu

Nafungua meza. Wa kwanza ni prodyusa wa Nyalenda, kijana ana sikio safi kabisa, amenunua laptopu ya mtumba kutoka Uingereza, amehamisha foda yote ya plagini kutoka kwa mashini ya zamani akaipesti tu. Cubase, programu yake ya kurekodia, inaziona zingine, zile synth zake za zamani, plagini za ala za kielektroniki, haizioni. Hapa sikuhitaji kutafuta sana. Hizo ni za biti 32, aina ya zamani, na Cubase kuanzia toleo la 9 lililotoka 2016 ni ya biti 64 pekee, haibebi za 32 kabisa. Ukiangalia Windows, programu za biti 32 hukaa kwa Program Files (x86), kwa hivyo ukiona plagini yako ilitoka huko, shuku hapo kwanza.

Tukaingia kwa akaunti yake ya hao watengenezaji, moja ilikuwa na toleo la biti 64 na laisensi yake inakubali, tukainstoli vizuri kwa faili lake la kuinstolia si kwa kupesti. Ingine haina toleo jipya, iliachwa. Hiyo nikamwambia ukweli, washa ile laptopu ya zamani kabla haijaharibika, fungua kila wimbo uliotumia hiyo synth, toa hiyo sauti kama WAV. Akauliza kama hakuna daraja, yaani programu ya kuibeba plagini ya biti 32 ndani ya ile ya biti 64. Ipo, jBridge inaweza kuibeba, lakini wimbo wa mteja aliyelipa dipositi mimi siwezi kuuegemeza kwa daraja.

Saa nne

Mwalimu wa kwaya amefika kutoka Ahero na laptopu ndani ya mfuko wa vitabu. "Kijana yangu, hii kinanda nimeinstoli, imesema imemaliza, lakini ndani ya FL Studio haipo." FL Studio ndiyo programu yake ya muziki. Nikamkaribisha akae, nikamwuliza, mwalimu, wakati wa kuinstoli ilikuuliza iweke wapi? Akasema alikuwa anabofya endelea, endelea.

Watu wengi wanakwama hapa, wacha nikae hapo kidogo. Steinberg, hao wa Cubase, walileta VST, aina ya plagini inayotumika sana, mwaka 1996, na VST3 ikaja 2008. Ile VST2 ya zamani kwenye Windows ni faili la .dll na linaweza kuwekwa popote, mwenye kuinstoli ndiye anaamua, kwa hivyo ile programu ya muziki lazima iambiwe foda iko wapi. VST3 yenyewe ina makao yake, C:\Program Files\Common Files\VST3, na programu zinaenda hapo moja kwa moja. Hiyo kinanda ya mwalimu ilikuwa VST2, tukaitafuta kwa jina tukaipata imejificha ndani ya foda ya Downloads, na kando yake kuna foda ya sampuli, yaani sauti zake zilizorekodiwa. Ni vizuri hakuikata na kuihamisha, juu plagini zingine ukihamisha .dll peke yake ukaacha foda yake nyuma, inafunguka bila sauti.

Tukainstoli upya kwa foda inayoeleweka, tukaingia kwa meneja ya plagini ya FL Studio, tukaongeza hiyo njia, tukaskani. Ikatokea kwa orodha. Bado ikakataa kufunguka, ikaleta ujumbe kwamba moduli haikupatikana. Mwalimu akashusha mabega. Nikamwambia hapana, huu ujumbe ni mzuri, umetuonyesha njia. Moduli inayolia hapo mara nyingi si plagini, ni faili kama VCRUNTIME140.dll ama MSVCP140.dll, zinakuja na kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft, ni cha bure. Tafadhali msidaunilodi .dll moja moja kwa zile saiti za ajabu, chukueni kifurushi chote kwa Microsoft wenyewe, cha x64 kama plagini ni ya biti 64. Tukaweka, tukawasha mashini upya. Akachomeka kibodi yake ndogo, akapanua vidole akabonyeza noti kadhaa za chini kabisa kwa pamoja akazishikilia, na spika zangu ndogo za mezani zikaanza kutetemesha bisibisi kwa sahani. Alibaki hapo akicheza, na mimi nikamwacha.

Saa saba

Omena na ugali kwa mama wa pale nyuma. Haraka.

Saa saba na nusu

Dada mmoja wa studio ya injili ameleta diski ya nje, sampla, ile plagini inayocheza sampuli, inasema sampuli zote hazipo. Zipo. Alichomeka fleshi kwanza, ikachukua herufi E, diski ikawa F, na zile ala zote zinatafuta E. Unaingia Disk Management unaipa diski herufi ya mbali kama S, halafu unaonyesha sampla njia mpya mara moja na kusevu. Hiyo herufi fleshi haitaigusa tena.

Saa nane unusu

Hii ndiyo iliyokula mchana. Bendi ya ohangla, muziki wa Kiluo, projekti yao, programu inazimika katikati ya kuskani, haisemi kitu, inapotea tu. Prodyusa wao alikuwa ashaambiwa na fundi mwingine kwamba mashini imeisha. Haijaisha. Mojawapo ya hizo plagini inaiangusha, na kuijua ni ipi hakuhitaji kubahatisha. Unatoa nusu ya plagini kwa foda unaziweka pembeni, unawasha. Ikizimika, mbaya iko kwa nusu iliyobaki, isipozimika iko kwa ile uliyotoa. Unagawa tena hiyo nusu. Plagini 64 unapata mbaya kwa hatua 6, ukizitoa moja moja utakesha.

Tulipoifikia ilikuwa ni kompresa, plagini ya kusawazisha nguvu ya sauti, iliyokrakiwa, yaani laisensi yake imevunjwa itumike bila kulipia. Sitaki kumhubiria mtu ila nasema nilichokiona, kraki nyingi zinakaa vizuri mpaka apdeti moja ya Windows ama mpaka antivairasi iamke, na siku hiyo ndiyo mteja yuko studio. Ukienda kwa historia ya antivairasi utaona faili limewekwa karantini, na watu wanazima antivairasi yote ili plagini moja iishi, hapo ndipo vairasi zinaingia kwa fleshi za wateja wote. Na kuna synth za bure za maana kabisa, Surge XT, Vital ina toleo la bure, Dexed inatoa zile sauti za DX7, kinanda ya Yamaha ya 1983. Tukatoa ile kompresa, tukaweka ya ndani ya programu yenyewe, projekti ikafunguka.

Saa kumi

Simu ya jamaa wa Mac, ameapdeti, Logic, programu ya muziki ya Mac, haioni plagini zake. Nikamwuliza, uliinstoli AU, ile aina ya plagini ya Mac? Logic haisomi VST hata kidogo, inasoma AU. Alikuwa ameondoa tiki wakati wa kuinstoli ili kuokoa nafasi. Dakika chache, imeisha.

Stima ikapotea hapo, laptopu zikaendelea na betri, router ikalala.

Saa kumi na moja na nusu

Kwa hiyo projekti ya ohangla kuna jambo nilitaka wote walione, mpaka mpiga kinanda. Nyatiti, ala ya Kiluo, nyuzi zake nane zote, ilirekodiwa kwa maiki, ni WAV, imefunguka bila kuuliza kitu. Orutu, ile fidla ya uzi mmoja, hivyo hivyo. Sauti za kuimba, hivyo hivyo. Kilichokuwa kimekufa ni kinanda na besi, kwa sababu hizo ni MIDI. MIDI haina sauti ndani, ni kama karatasi ya noti bila waimbaji, sauti yote iko kwa plagini, na plagini ikienda wimbo unabaki na shimo. Wenyewe walikuwa wameogopa kazi yote imepotea.

Kwa hivyo kabla hawajatoka tukatoa kila treki kama WAV, biti 24, kuanzia baa ya kwanza zote zipangike sawa, hata zile zilizoonekana ziko salama. Halafu faili dogo la maandishi ndani ya foda: tempo, kii, jina la kila plagini na toleo lake, na priseti ikasevuliwa pembeni. Ukihama kutoka VST2 kwenda VST3 usitarajie projekti ya zamani itabadilisha yenyewe kila mara, na Steinberg walifunga mlango wa laisensi mpya za kutengeneza VST2 mwaka 2018, kwa hivyo nyingi zinazotoka sasa ni VST3. Hizo projekti za zamani mlizo nazo, zifungueni sasa hivi zikiwa bado zinafunguka.

Saa moja usiku

Stima imerudi. Nakopi hiyo foda kwa diski mbili, moja wanaenda nayo, moja inabaki kwangu. Wanarudi wiki ijayo kuongeza orutu kwa wimbo wa pili na nahitaji kebo ya maiki ndefu kidogo, hii yangu inakwaruza pale kwenye jeki.