Chupa ya shilingi 22,000 na madoa ya shavu la kushoto

Madoa yangu yako shavu la kushoto, matatu, yameachwa na chunusi za mwaka jana. Msimu wa karafuu ndio uliyakoleza. Hapa Wete, kisiwani Pemba, tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na mwenye kuanika karafuu hana kivuli: asubuhi unatandaza majamvini, mchana unapindua, wingu likijikusanya unakimbilia kuzoa. Jua lote hilo nililipokea kwa uso mtupu.

Nilipoingia duka la dawa kuulizia seramu, yale maji mazito ya dawa ya kupaka usoni, kijana wa pale alinitazama kisha akauliza, "Mama, unataka weupe au unataka madoa yapungue?" Nilimshukuru kwa swali lile. Ndugu yangu mmoja alipaka mkorogo wa kujichubua miezi mitatu kabla ya harusi yake. Siku ya kusingwa, yaani kusuguliwa mwili kabla ya harusi, liwa, ule unga wa mti wa kunukia, ilipomgusa mashavuni aliruka kwa kuungua. Ngozi imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Mpaka leo ana mabaka meusi chini ya macho. Mikorogo mingi ina zebaki au haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, na zebaki haiishii usoni, inaingia mwilini na kuharibu figo. Mwenye binti anayekaribia harusi amwambie mapema, wallahi.

Basi nikachukua chupa ya mililita 30, shilingi 22,000. Ndani mna niasinamidi asilimia 10, yaani vitamini B3. Haichubui. Rangi ya ngozi hutengenezwa chini, na niasinamidi huizuia isipande kwa wingi hadi juu, ndiyo maana doa hufifia polepole. Ya vitamini C niliwahi kununua kwengine. Ilikuwa imepangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, nikafungua nyumbani nikakuta maji rangi ya chai kavu. Ikipata joto na mwanga huharibika, na kwa joto letu hili kama huna friji usihangaike nayo.

Napaka usiku baada ya isha, uso ukiwa na unyevu kidogo. Matone matatu yanatosha. Nikizidisha, inajikunja chini ya vidole kama uchafu wa kifutio. Wiki ya kwanza ilinichoma pembeni ya pua, nikawa napaka siku moja naacha moja, ikatulia.

Kila Ijumaa asubuhi nilijipiga picha dirisha lilelile. Wiki nne, hakuna kitu. Wiki ya sita doa dogo likaanza kulika ukingoni. Sasa ni wiki ya kumi: mawili yamefutika, kubwa limebaki kivuli.

Boksi limeandikwa pia kwamba inakaza ngozi. Nina miaka 43 na watoto watano, na ngozi ya chini ya kidevu changu iko vilevile. Asubuhi uso unaonekana umejaa, lakini hayo ni maji tu yaliyoshikwa na ngozi. Ikifika adhuhuri yamekwisha. Kwa ajili ya neno hilo msitoe pesa.

Na losheni ya kukinga jua, yenye kipimo cha kinga SPF 30, nilinunua wiki ya pili kwa bei kubwa kuliko seramu yenyewe. Niliumia, lakini bila hiyo jua lingerudisha mchana kile ninachokifuta usiku. Mwenye pesa ya kimoja tu, anunue hiyo.

Juzi tulikaa barazani na mama tukichambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku. Mama hajapaka kitu usoni zaidi ya liwa tangu nimjue. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole chake chenye harufu ya karafuu kwenye shavu la kushoto.

"Hapa pamepoa," akasema, akarudi kwenye karafuu zake.