Zawadi bila jina: nilivyolipima wazo langu mtaani

Nikiwa kidato cha tano, mhasibu wa shule aliniita ofisini. Nilienda nikijua leo narudishwa nyumbani kufuata ada. Badala yake akanionyesha risiti: deni lote limelipwa, na aliyelipa ameomba asitajwe. Mpaka leo sijamjua. Nimewapitisha wengi kichwani, mjomba wa Moshi, mwalimu wa Fizikia, hata padri, na kila mmoja nikikutana naye namsalimia kwa heshima ya ziada, endapo ndiye.

Kwa hiyo mwaka jana, kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilipotupunguza, wazo lililonijia ni hilo: programu ya simu ya kumpelekea mtu zawadi bila yeye kujua imetoka kwa nani. Haja niliiona wazi. Ukimtumia mtu hela kwa M-Pesa, ujumbe unaomfikia una jina lako, lile lile la kwenye usajili wa laini. Na dini zetu zote mbili kubwa zinasifu sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui iliyotolewa na wa kulia. Nikasema hapa kuna biashara.

Nikaliuliza kundi la WhatsApp la tuliosoma chuo pamoja: "Wadau, mnalionaje?" Vimoto vikamiminika. "Kaka, hii hatari." "Mimi mteja wako wa kwanza." Usiku huo nililala tajiri. Wiki mbili baadaye nikawafuata mmoja mmoja wale wateja wa kwanza, nikawaambia nimeanza, leta elfu kumi na uniambie nani apelekewe. Wawili walisoma wakanyamaza. Mmoja akasema mwisho wa mwezi. Mwingine alinipigia kuhakikisha kama kweli ni mimi au simu yangu imeibwa.

Aliyenizindua ni rafiki yangu anayeuza viatu Kariakoo. Aliniambia: "Ukimuuliza mtu kama chakula unachotaka kupika kitakuwa kitamu, atasema kitamu, anakuonea aibu. Muulize jana alikula nini." Tangu siku hiyo nikaacha kueleza wazo langu kabisa. Nikabaki na swali moja: mara ya mwisho ulipompa mtu kitu na hukutaka ajue ni wewe, ulifanyaje?

Nililipeleka saluni, kijiwe cha bodaboda, nje ya kanisa baada ya misa, kwenye foleni ya maji. Huko ndiko nilikoambiwa jambo ambalo mjini hapa inaonekana nilikuwa silijui peke yangu: watu wanaenda kwa wakala. Unampa namba ya unayetaka kumsaidia, anaweka hela moja kwa moja kwenye simu yake, na ujumbe unaoingia unaonyesha jina la wakala. Siri imetimia, na wala hakuna aliyehitaji programu yangu. Wengine hupitishia kwa katibu wa jumuiya, wengine kwa imamu. Dada mmoja wa saluni analipa chakula cha mtoto wa jirani yake kupitia mwalimu wa darasa, na jirani anaamini ni mpango wa shule.

Bado sikukata tamaa. Nikaandika ujumbe wa majaribio, "Umepokea zawadi kutoka kwa mtu anayekujali. Bonyeza hapa", nikawa nauonyesha kwenye simu yangu. Hakuna aliyeumaliza. Hii ni nchi iliyofundishwa na "ile hela tuma kwenye namba hii" pamoja na mialiko ya kujiunga na Freemason, hadi kukawa na namba ya kuripoti matapeli, 15040. Mama mmoja aliitaja namba hiyo kabla sijafungua mdomo kujitetea.

Basi nikaona niachane na simu, nipeleke kitu cha kushikika. Na hapa ndipo nilipopata shule yenyewe.

Nilinunua doti tatu za khanga Kariakoo, nikazifunga vizuri, nikampa bodaboda azisambaze kwa wanawake watatu ninaowafahamu, bila jina. Nilichagua kwa rangi. Maandishi sikuyasoma, na najua msomaji wa kike ameshaanza kucheka.

Ya kwanza ilikwenda kwa mama mdogo, Mbagala. Alikiacha kifurushi barazani siku mbili. Kitu kisicho na mwenyewe, alisema baadaye, hakiingii ndani kwake.

Ya pili ilikwenda kwa dada anayeuza chai na chapati karibu na nilipokuwa napanga. Huyu aliivaa siku hiyo hiyo, akafurahi sana, na akaamua mwenyewe aliyempa ni nani: fundi simu wa jirani. Akaanza kumuongezea chapati. Fundi hakukana. Nilikaa pale asubuhi tatu nikilipa chapati zangu kamili na kumtazama mwenzangu akila za khanga yangu.

Ya tatu ilikwenda Tabata kwa shemeji yangu, mke wa binamu, ndoa ina miezi minane. Imeandikwa: *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*. Hebu fikiria. Bibi harusi mpya anafungua mlango, khanga haina mtumaji, na maneno ndiyo hayo. Aliusoma kama ujumbe kutoka kwa mwanamke mwingine: unajiona ndiye, kumbe siye. Jioni binamu alinipigia simu kuomba ushauri. "Mdogo wangu, kuna mtu ananichafulia nyumba na simjui." Nilikaa kimya muda mrefu kuliko inavyostahili, halafu nikasema ni mimi. Nilikwenda Tabata usiku huo huo nikaomba radhi mbele ya wote wawili. Shemeji amenisamehe, lakini khanga hajaivaa, na binamu ananiita "Siye" mpaka leo.

Nilipomsimulia Mangi mwenye duka mtaani kwetu, alicheka hadi akaweka chini mzani. Kisha akavuta daftari la madeni kutoka chini ya kaunta. Kurasa nyingine zilikuwa zimepigwa mstari, pembeni kaandika "kalipiwa".

"Hii inatokea sana," alisema, "karibu na Idi, karibu na Krismasi. Mtu anakuja, ananiuliza mama fulani anadaiwa ngapi. Analipa. Ananiambia usimtaje."

"Na yule mama haulizi ni nani?"

"Anauliza. Namwambia kalipa mtu mwema, namjua. Basi. Ananijua mimi, kwa hiyo haogopi."

Hilo ndilo nililokuwa nimelikosa. Anayepokea anaweza kuvumilia kutomjua mtoaji, asichoweza ni kukosa mtu yeyote anayemjua. Mhasibu wa shule alikuwa Mangi wangu. Risiti ile ingeletwa na mtu wa pikipiki, baba angeirudisha.

Wazo likageuka hapo hapo dukani: mtu aliye mbali, Mwanza au Muscat, aweze kulipa deni la mzazi au jirani kwenye duka la mtaani, na mwenye duka ndiye awe shahidi. Mangi aliipiga darubini kuliko mwekezaji yeyote. Akaniuliza nani ataona kiasi anachodaiwa mteja, maana mama akijua deni lake linasomeka kwenye simu za watu, hatakopa tena kwake. Rafiki mwanasheria naye akanikumbusha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwamba nikikaa na hela za watu mkononi nitakuwa nafanya kazi inayohitaji leseni ya Benki Kuu. Kwa hiyo hela ziende moja kwa moja kwenye lipa namba ya duka, mimi nisiziguse, na mtoaji aseme tu kiasi anachotaka kupunguza bila kuonyeshwa daftari.

Tumejaribu kwa maduka mawili, bila kuandika msimbo hata mstari mmoja. Mtoaji ananitumia ujumbe, mimi nampigia Mangi, Mangi anapiga mstari. Mwezi wa kwanza waliolipiwa walikuwa sita. Hakuna aliyerudisha wala aliyeita mganga.

Wiki iliyopita Mangi aliniuliza nami napata nini. Nikasema nitamtoza mtoaji shilingi mia tano.

"Anayemlipia mwenzake elfu kumi na mbili kwa siri, umtoze tena? Atarudi kwa wakala." Akafungua ukurasa wenye deni la miezi minne, akaugonga kwa kidole. "Lakini mimi ninayelipwa hili leo, labda ningekukatia kitu."

"Kiasi gani?"

"Njoo Jumatatu na hesabu."

Nimeziandika mara tatu.