Pakingi za Muindi Mbingu Street na ile njia yetu ya baiskeli

Jumatano nilikuwa nashuka Muindi Mbingu Street, katikati ya Nairobi, na baiskeli nikitoka upande wa bustani ya Jeevanjee, sasa kukaribia City Market nikapata gari, Probox, imepanda kwa kabro (yale matofali ya njia ya miguu na baiskeli), magurudumu mawili kwa njia ya baiskeli mawili kwa barabara, hazadi zinawaka na dereva hayuko. Mimi nikashuka nikaanza kusukuma, hiyo tumezoea. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mzee asiyeona, anatembea na fimbo yake nyeupe akifuata ukingo vizuri tu, fimbo ikagonga bampa. Akasimama. Akapapasa boneti kwa mkono, polepole, mpaka akafika kona ya gari, na hapo hakuna pa kupita ila ateremke barabarani kwenye magari. Nikamshika mkono tukazunguka pamoja, akaniambia, "Asante kijana, hii njia nilikuwa nimeanza kuizoea."

Hayo maneno yameniuma hadi leo.

Wenye mnakumbuka tao, yaani katikati ya jiji, ya kabla ya 2020 mnajua vile watembea kwa miguu tulikuwa tunabanana huku magari yamejipanga pande zote. Halafu NMS, ile Nairobi Metropolitan Services iliyoendesha huduma za jiji wakati huo, wakaingia wakaondoa pakingi kadhaa hapa Muindi Mbingu, Wabera na Kenyatta Avenue, wakaweka kabro, njia za miguu na baiskeli, na watu wakapiga kelele sana ati biashara itakufa. Na Kenyatta Avenue kusema ukweli nafasi haijawahi kukosekana, hiyo barabara tangu enzi za mkoloni ilipimwa upana wa kutosha mkokoteni wa maksai kugeuka, ni vile tu baadaye tuliamua nafasi yote ni ya gari. Na Nairobi hii zaidi ya asilimia 40 ya safari watu huenda kwa miguu! Sera ya kaunti yenyewe ya 2015 ilisema asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Hata huyo Muindi Mbingu mwenyewe, 1938 aliongoza Wakamba kwa maelfu wakaja Nairobi kudai ng'ombe wao waliochukuliwa na serikali ya mkoloni, leo kwa barabara yenye jina lake mtu wa miguu anasukumwa pembeni na Probox.

Sasa kuna mathe (mama) mmoja ana duka la stationery hapo karibu, mimi hununua kalamu na bahasha kwake, na yeye hizi njia hazipendi. Nilipomweleza ya yule mzee alisikitika sana, lakini akasema, "Kijana wangu, namhurumia, lakini customer wangu wa karatasi katoni tano atapaki wapi?" Na hilo ni swali la haki, mtu hawezi kubeba katoni tano kwa kichwa mpaka stendi.

Nikamwomba tu stuli. Nikakaa hapo mlangoni kwake kutoka saa nne hadi saa saba tukiangalia zile pakingi sita zilizobaki mbele ya duka, yeye anaandika namba za gari nyuma ya boksi. Masaa matatu, gari iliyotoka ni moja! Zingine zote ni za watu wa ofisi za juu, wamepaki asubuhi wamelipa ya siku nzima wakapanda lifti. Na ndio hapo shida iko, kwa sababu ada ya pakingi ya barabarani tao ni ya siku, ukikaa dakika kumi au ukikaa mpaka jioni ni pesa ile ile, sasa nani atatoa gari? Customer wa mathe hakunyang'anywa nafasi na baiskeli, alinyang'anywa na gari iliyolala hapo tangu saa moja. Waweke ya kulipa kwa saa, pakingi moja ihudumie watu wanane kwa siku badala ya mmoja, na watenge mbili za kushusha mizigo tu, dakika ishirini unaondoka. Wa ofisi wapaki kwa majengo ama wapande matatu kama sisi.

Halafu waweke vigingi vya saruji kwa ukingo wa njia. Vigingi! Kabro iliyo wazi Nairobi ni mwaliko, leo Probox, kesho nduthi (pikipiki) kumi zinangoja abiria, na huwezi kumweka askari kila hatua. Kigingi hakichoki wala hakisikii maneno. Viwekwe tu kwa nafasi ambayo kiti cha magurudumu kinapita na gari haiingii.

Mathe hajakubali yote, bado anasema njia ya baiskeli ni pana sana kwa watu wachache. Lakini lile boksi hajatupa, amelibandika ukutani kando ya kalenda, na jana nikipita akaniita, "Kijana, ile Premio nyeupe iko hapa tena, tangu saa moja na nusu," akachukua kalamu akaongeza mstari.